Mstari Mtupu wa Ambohitsoa

Limoges, 21 Septemba 2014

Mjomba Ralaivao,

Kuna sauti moja ambayo imekataa kunitoka, nayo ni yako. Ulikuwa umesimama juu ya paa la kaburi letu, alasiri, siku moja kabla ya kuufungua mlango wa jiwe, shuka lako jeupe begani, ukiwaita wafu wetu kwa majina ili kesho yake tuwakute wote nyumbani tunapokwenda kuwavika sanda mpya. "Aliye mtoni, arudi. Aliye kwa jirani, arudi. Kesho tunakuja." Kila mmoja ulimwita mara moja. Ulipofika kwa Mama uliita mara tatu. Vololona. Vololona. Vololona. Mara ya tatu sauti yako ilikatika. Imepita miaka mitano, na bado naisikia nikiwa nimesimama mbele ya wanafunzi, chaki mkononi. Nilidhani ulimwita mara tatu kwa sababu alitoka mbali. Mimi ndiye niliyekuwa nimemleta, mifupa yake ndani ya sanduku dogo, kutoka makaburi ya mji huu.

Nakusalimu wewe na mkeo Honorine. Goti lake linaendeleaje? Nasikia dawa ya kupaka niliyomtumia ulimpaka ng'ombe. Kama ng'ombe amepona, niambie nitume nyingine.

Mimi ni mzima. Bado nafundisha hesabu katika shule ileile. Jioni nikipika wali nauacha ushike chini, namimina maji juu ya ukoko, nayachemsha na kuyanywa kama alivyonifundisha Mama. Wiki iliyopita jirani yangu alibisha hodi kuniuliza kama nimeunguza chakula. Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Sasa jambo lenyewe. Nataka kuomba uraia wa hapa, wa Kifaransa. Nilikuja nikiwa na miaka sita. Sasa nina ishirini na saba. Kazi yangu ni ya mkataba, na kila Juni nangoja kuambiwa kama Septemba nitarudi darasani. Mkuu wa shule ameniambia kwamba baada ya mwaka kesho nafasi yangu atapewa mwalimu wa kudumu. Ili niwe wa kudumu lazima nifanye mtihani wa serikali, na mtihani huo mgeni kama mimi haruhusiwi kuufanya. Hiyo ndiyo sababu ninayoweza kuiandika. Iko nyingine, ila sijaipatia maneno.

Nahitaji nakala mpya ya cheti changu cha kuzaliwa kutoka daftari la Ambohitsoa. Karatasi zangu zote za huku, tangu fomu ya kwanza aliyoijaza Mama, zinasema nilizaliwa hapo kijijini. Miadi yangu katika ofisi ya mkoa ni tarehe 22 Mei. Ofisi ya kijiji iko hatua chache kutoka mlangoni kwako. Naomba uniendee.

Sikuombi baraka bado, Mjomba. Naomba karatasi tu.

Mpwa wako,
Voahirana


Ambohitsoa, 9 Novemba 2014

Mpwa wangu Voahirana,

Barua yako ilifika mjini Betafo ikakaa wiki mbili kwa muuza sukari. Yeye alikuwa anamngoja mtu wa kuja huku, na mtu wa kuja huku alikuwa anangoja mvua ikatike. Imefika ikinukia sabuni. Tumeisoma baada ya ibada, mimi kwa sauti, Honorine kwa kunisahihisha.

Goti lake linapanda ngazi na kushuka, ila kwenda kisimani halitaki. Dawa nilimpaka ng'ombe, ni kweli, na ng'ombe hana shukrani; amempiga Honorine teke kwenye goti lilelile. Miche ya mpunga tumeanza kuihamisha. Maji yapo ya kutosha. Mchungaji mpya ana sauti nzuri ila anahubiri mpaka wali unapoa.

Kwenye simu wewe huniuliza kwa nini ninakata haraka. Simu ni ya kuambiana kwamba mvua imenyesha. Jambo la wazee huandikwa, ili mtu akikana aonyeshwe mwandiko wake.

Unalikumbuka jiwe refu lililosimama nje ya ukuta wa kaburi, upande wa magharibi? Lile ulilolishika kwa mkono ukauliza ni la nani? Ni la Rainizafy, babu wa Mama yako. Wafaransa walimchukua kwenda kupigana vita vyao, hakurudi, na mifupa yake haikuonekana. Wenzake wamelala ndani, bega kwa bega, na kila baada ya miaka saba wanapata sanda mpya na muziki na nyama. Yeye ana jiwe. Mvua inamnyeshea. Siku ya kuwaita namwita na yeye, lakini mwanangu, kumwita mtu ambaye hujui umtazame wapi ni kazi ngumu.

Walio hai nyumba moja, waliokufa kaburi moja. Hatukuwa na semi nyingi nyumbani kwetu, ila huo tulikuwa nao.

Rafaralahy, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, anasema mtu akichukua nchi nyingine amehama, na aliyehama hafunguliwi mlango. Mimi sikusema hivyo. Nakupa habari tu.

Fikiri.

Mjomba wako,
Ralaivao


Limoges, 7 Desemba 2014

Mjomba,

Nakusalimu, namsalimu Bi Honorine na goti lake, na ng'ombe asiye na shukrani. Huku baridi imeingia. Shuleni mtoto mmoja aliniuliza kama kwetu kuna namba. Nikamwambia zipo, ila ni za wenye akili tu. Darasa zima likacheka, naye akacheka.

Barua yako nimeisoma mara nne. Habari za jiwe nimezipata, za cheti sijaziona.

Unanitisha na Rafaralahy. Sina hasira, ila nataka ujue kwamba hofu hiyo haikuanza na barua yako. Nilipoilaza mifupa ya Mama ndani ya lile kaburi, Honorine alipapasa jiwe la kulazia lililokuwa tupu kando yake, akanong'ona, "Hapa ni pako, usiwe na wasiwasi." Watu wa hapa wangekimbia kwa maneno kama hayo. Mimi nimelala nayo kwa miaka mitano kama mtu aliyepewa funguo za nyumba. Hakuna mahali pengine duniani nilipowahi kuambiwa pana nafasi yangu.

Kwa hiyo najua ninachokihatarisha. Bado nahitaji cheti. Niendee tafadhali.

Voahirana


Ambohitsoa, 18 Januari 2015

Mpwa wangu,

Heri ya mwaka mpya. Sote tuko salama. Honorine anakutumia maharage kwa mkono wa binti wa mchungaji, kama atasafiri.

Kuhusu cheti, karani alikwenda kumwoza mwanawe. Aliporudi mvua ilikuwa imeingia ofisini na madaftari ya miaka ile yameanikwa juani. Halafu kuna panya. Usiwe na haraka. Mei ni mbali.

Mjomba wako,
Ralaivao


Limoges, 15 Februari 2015

Mjomba,

Natumaini mpunga umeanza kutoa masuke na nyote mko salama. Maharage yamefika, nusu yake, maana binti wa mchungaji naye ana mdomo. Niliyapika na nyama ya nguruwe nikala siku tatu.

Wewe ulikuwa mwalimu kwa miaka thelathini na nne. Mimi nafundisha kwa mwaka wa nne tu, lakini hata mimi najua mwanafunzi akileta visingizio vitatu kwa swali moja, jibu analo na hataki kulitoa. Harusi, mvua na panya, Mjomba?

Nilikwenda ofisi ya mkoa kuuliza kama wataniongezea muda. Mwanamke wa dirishani alikuwa mpole, na upole wao wakati mwingine unauma kuliko ukali.

"Huna cheti cha kuzaliwa?"

"Ninacho, kipo nyumbani. Bado hakijafika."

"Nyumbani ni wapi?"

Nikasema Ambohitsoa. Nikalisema jina hilo vizuri, polepole, kama mtu anayetaja mtaa aliokulia. Akaniuliza kijiji kikoje. Mjomba, nikaanza kuhesabu. Nimelala hapo usiku tisa tu katika maisha yangu yote, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Kabla ya hapo hakuna kitu. Niliitafuta kumbukumbu hata moja ya utotoni yenye ngazi za mpunga, yenye udongo mwekundu, yenye baridi ya Julai, sikuipata.

Ninazozikumbuka ni nyingine. Nakumbuka joto linalonata shingoni. Nakumbuka bati likipigwa na mvua kila siku. Zaidi ya yote nakumbuka harufu ya karafuu, si punje moja kwenye chai, bali magunia na magunia, harufu inayoingia hadi kwenye nguo. Mwaka ule niliokuja kwenu nilimuuliza Honorine wanakausha wapi karafuu. Alicheka, "Karafuu huku juu? Labda ukaziote." Wewe ulikuwa umekaa karibu. Ukanyanyuka ukaenda kumwangalia ng'ombe.

Mama nilimuuliza mara nyingi kwetu ni wapi. Alijibu Ambohitsoa kila mara, haraka, kama anayefunga mlango. Kuhusu baba yangu alisema amekufa, na kwamba alikuwa na mikono mizuri.

Basi nauliza swali moja kwa maandishi, kama unavyopenda. Nilizaliwa wapi?

Voahirana


Ambohitsoa, 12 Aprili 2015

Mwanangu Voahirana,

Honorine anakusalimu. Mpunga umeiva. Habari nyingine za nyumbani zitangoja.

Hukuzaliwa Ambohitsoa. Ulizaliwa Toamasina, mji wa bandari, ndani ya harufu hiyohiyo unayoikumbuka. Baba yako aliitwa Tombo, mtu wa pwani, mpakiaji wa karafuu bandarini. Mama yako alipelekwa huko kufundisha, wakapendana. Unajua sisi watu wa nyanda za juu tulivyo. Au pengine hujui, maana Mama yako hakutaka ujue. Babu yako alisema mtu wa pwani ana mababu tusiowajua, kwa hiyo mtoto wake hatuna pa kumlaza. Akamtaka Vololona arudi, aache mume na mtoto hukohuko. Vololona akakataa. Ndipo Babu yako akaagiza aandikiwe barua.

Babu yako hakujua kuandika. Mwalimu nilikuwa mimi.

Niliandika kama alivyosema: "Wewe na uliyemzaa msiletwe kwetu. Mlango wetu hamtafunguliwa." Kwetu hakuna adhabu iliyo juu ya hiyo. Mtu akifungwa jela hutoka. Nilikuwa na miaka thelathini, nina mke, ningeweza kusema mkono unaniuma. Badala yake niliisoma tena nikasahihisha nukta na mikato, nikatia jina la baba yangu chini, nikaipeleka posta mwenyewe. Hakujibu. Baadaye tukasikia amevuka bahari na mtoto. Hao ndio panya waliokula daftari.

Mwaka ule ulipomleta, aliyemfungia mlango alikuwa amelala humohumo ndani, kwa hiyo hakuna aliyepinga. Umeandika kwamba nilimwita mara tatu. Mara ya kwanza nilimwita kama ninavyowaita wote. Mara ya pili ilikuwa kwa ajili ya ile barua. Mara ya tatu nilikuona wewe umesimama chini na sanduku kifuani, umevaa koti la kizungu, unanitazama kana kwamba mimi ni mtu mwema.

Barua yako ya Februari iliponifikia nilikwenda Toamasina. Siku mbili njiani. Karani wa huko, msichana mwenye miwani, alilipata jina lako kwa robo saa. Akanipa fomu ya kuombea nakala, nikaandika jina la baba: Tombo. Niliandika kwa mkono uleule.

Nikamtafuta Tombo mwenyewe. Alikufa kwa kimbunga, mwaka uliofuata baada ya ninyi kuondoka. Nimemkuta dada yake, Bi Soamanana, shangazi yako, anauza ndizi za kukaanga karibu na soko. Nikajitambulisha. Akageuza ndizi zake kwanza, zote, moja baada ya moja. Halafu akasema, "Kwa hiyo wewe ndiye mwenye mwandiko mzuri."

Nilikaa pale mpaka akafunga biashara. Hakunitukana. Alinilisha. Amekufungia karafuu katika kijikaratasi, nimezitia humu. Anasema ulipokuwa mdogo ulikuwa unalala juu ya magunia, na Tombo hakukubali mtu akubebe kukupeleka ndani mpaka uamke mwenyewe.

Humu utakuta vyeti viwili. Cha kwanza ni cha Toamasina. Cha pili nikueleze.

Niliporudi nilikwenda kwa karani wa kijiji chetu. Nilitaka kumwambia tu kwamba hatuna la kutafuta. Akafungua daftari la mwaka wako, akaweka kidole. "Mwalimu, tazama. Kati ya mtoto wa fundi seremala na mapacha wa Rasoa pana mstari mtupu. Tangu miaka ile haujaandikwa. Ni kama uliachwa kwa ajili yake." Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Amekuandika hapo. Mhuri ni wa kweli.

Hicho kinalingana na karatasi zako za huko. Ukikitoa hakuna atakayekuuliza neno. Na Rafaralahy naye atakosa la kusema, kwa maana daftari la kijiji litakuwa limekutaja. Kwangu mimi si uongo mtupu. Sisi mtu akituuliza tunatoka wapi, tunataja kaburi letu lilipo, hata kama hatujawahi kulala pale. Mfaransa alimuuliza Mama yako mtoto kazaliwa wapi, naye akajibu kama sote tujibuvyo. Au labda alijua anachofanya. Sisi tulimfutia mtoto, yeye akamwandika tena, katika daftari la watu ambao hatungeweza kuwafikia na kulichana.

Kikao cha wazee kimekaa. Rafaralahy aliuliza, "Huyo binti akifa akiwa Mfaransa, tutamwita kwa lugha gani?"

Nikamwambia, "Kwa lugha hiyohiyo unayonitukania mimi kila kikao."

Wakacheka, hata yeye, ila hakuondoa neno lake. Akasema, "Ralaivao, wewe unampenda, ndiyo maana husikii. Achague." Wengi wako upande wake. Sikufichi.

Kuhusu huo uraia, sikwambii nenda wala usiende. Niliwahi kumwandikia mtu wa damu yangu mahali pa kwenda na mahali pa kutokuja. Mara moja inatosha.

Ralaivao


Limoges, 24 Mei 2015

Mjomba wangu,

Nakusalimu kwa heshima ileile, na ningependa uisome sentensi hii kabla ya nyingine zote. Msalimie Bi Honorine. Mwambie nimepata nafasi ya kumpeleka ng'ombe wake shule ya adabu.

Barua yako ilifika Mei nne. Nilizinusa karafuu kabla sijafungua bahasha, nikiwa bado kwenye ngazi. Nikaketi hapohapo. Jirani alipita na mfuko wa mikate, akauliza kama naumwa. Safari hii nilimweleza. Nilimweleza kila kitu, mtu ambaye hata jina lake la kwanza sikulijua, ni Odile. Akaweka mikate chini akaketi pembeni yangu, na nilimshukuru kwa hilo.

Sikuweza kukuandikia mara moja. Siku ya kwanza nilikuchukia. Siku ya pili nilijiuliza mimi ningefanya nini nikiwa na miaka thelathini, baba yangu amesimama mlangoni anataja maneno, na sikupata jibu la kujivunia. Siku ya tatu niliona kwamba ulisafiri siku mbili na kukaa mbele ya kikaango cha Bi Soamanana mpaka jioni, wakati ungeweza kuniandikia kwamba panya wamemaliza daftari. Siwezi kukuambia yamekwisha. Nakuambia nimeketi karibu nayo.

Nilivilaza vyeti vyote viwili juu ya meza, nikawa nakula kando yao. Cha Ambohitsoa ni kizuri zaidi. Karani ana herufi za duara, na mhuri umekaa sawasawa. Kila nikikitazama nilikuwa nahisi joto. Hiki ndicho Mama alichokitaka, nikasema. Kinalingana na fomu yake. Hakimfanyi aonekane mwongo. Kinanipa uraia kwa njia nyoofu na kinanipa lile jiwe tupu kando yake. Kwa nini nikikatae? Mjomba, nilikuwa nimeshakitia ndani ya faili. Kililala humo usiku tatu.

Kilichokitoa humo ni jina moja. Katika cheti chenu, mahali pa baba pana kistari. Karani wako hakuandika kitu, na wewe hukumwambia aandike. Nilifikiri habari za mtu aliyekaa kando ya magunia akingoja mtoto aamke. Mlimfuta mara moja kwa barua. Kama ningekitoa kile cheti, angefutwa mara ya pili, na safari hii mwandiko ungekuwa wangu.

Basi Ijumaa, saa tatu asubuhi, nilikabidhi faili. Ndani yake mna cheti cha Toamasina: Voahirana, binti wa Tombo, mpakiaji, na wa Vololona, mwalimu. Nimeambatanisha barua inayoeleza kwamba karatasi zangu za miaka ishirini na moja zina kosa, na namna lilivyoingia. Mwanamke wa dirishani alikuwa yuleyule. Aliisoma mara mbili.

"Mama yako alidanganya kwenye fomu?"

"Hapana. Mlimuuliza nilizaliwa wapi, akawajibu nitazikwa wapi. Kwetu ni swali moja."

Akasema kosa la namna hiyo linaweza kuchelewesha faili, au kulirudisha, na kwamba hawezi kuniahidi chochote. Nikasema najua. Akaniuliza tena kama nina hakika, kwa sababu cheti kikishapigwa mhuri hakiwezi kuondolewa. Nikasema piga.

Kwenye fomu kuna mahali wanapouliza kama ungependa jina jipya, jina rahisi la huku. Nimeandika hapana.

Ile sababu ya pili niliyosema sijaipatia maneno, sasa ninayo, hata kama si mazuri. Maisha yangu yote nimekuwa naingia kwa ruhusa ya mwingine. Hapa naingia kwa kadi inayokwisha muda. Kwenu niliingia kwa sababu aliyenikataza alikuwa amekufa. Najua uraia nao ni kuomba, na wanaweza kunikatalia. Lakini ombi hili nimeliandika mwenyewe, na kila kilichomo ni kweli.

Usigombane na Rafaralahy kwa ajili yangu. Kama wataamua mlango usifunguliwe, upande wa magharibi wa ukuta, karibu na Rainizafy, pana nafasi. Tutanyeshewa pamoja. Yeye alichukuliwa, mimi nimekwenda mwenyewe. Tutakuwa na mengi ya kubishania. Nilitaka kuandika kwamba hilo haliniumizi, nikaona nimekwisha sema kila kilichomo ni kweli. Linaniuma. Nimekwenda hata hivyo. Nakuomba tu siku ya kuwaita, uniite na mimi. Mara moja inatosha.

Julai nitakwenda Toamasina kumwona Shangazi. Kisha nitapanda kuja kwenu, na nitabisha hodi kama mgeni, tuone utakavyonipokea.

Cheti cha Ambohitsoa nakurudishia humu. Usimpe karani, wala usikichome. Mwakani ni mwaka wa sanda mpya. Mtakapomtoa Mama, kabla hamjamfunga tena, kiwekeni ndani ya sanda ya hariri, upande wa kifua. Yeye ndiye aliyekiomba. Nimekikunja mara nne ili kienee mkononi mwake.

Mpwa wako,
Voahirana, binti wa Tombo